Sharti na Mzunguko: Chaki Kwanza, Kompyuta Baadaye

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa maana ya mzunguko katika programu ya kompyuta, aghalabu hujibu bila kusita kwamba ni kurudiwarudiwa kwa amri maadamu sharti fulani lingalipo. Akiulizwa aina za mizunguko, atazitaja. Akiulizwa neno linaloanzisha kauli ya sharti katika lugha ya Python, atasema ni if, na huenda akaongeza kwamba mstari huo humalizika kwa nukta mbili. Majibu yote hayo ni sahihi, na katika mitihani mingi yanatosha kumpatia alama zake. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipewa mistari minne ya programu, kalamu na karatasi, akatakiwa kuandika kile ambacho kompyuta itakitoa, mara nyingi hukwama. Au, jambo lililo baya zaidi, huandika jibu lisilo sahihi kwa uhakika mkubwa.

Hitilafu hiyo haitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Inatokana na jinsi somo lenyewe linavyofundishwa: mwanafunzi hupewa maneno ya lugha ya kompyuta kabla ya kuonyeshwa namna kompyuta inavyoyafuata. Huijua sura ya kauli, asiujue mwenendo wake. Nayo ni hasara kubwa, kwa sababu sharti na mzunguko si mada mbili tu miongoni mwa mada nyingi za silabasi. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Italia, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walithibitisha kwamba hesabu yoyote iwezayo kufanywa na kompyuta yaweza kuandikwa kwa njia tatu tu: kufuatanisha amri, kuchagua kwa sharti, na kurudia maadamu sharti lingalipo. Aliyezimiliki njia hizo ameshika ufunguo wa jengo zima. Asiyezimiliki, hata akiyajua majina ya lugha kumi za kompyuta, bado yuko nje.

Tazama mfano ufuatao. Dumu la lita 20 linajazwa maji kwa ndoo ndogo ya lita 8.

maji = 0
while maji < 20:
    maji = maji + 8
    print(maji)

Kompyuta itaandika nini? Wanafunzi wengi hujibu 8, 16, 20. Wengine hujibu 8, 16, kisha wakanyamaza, kwa kuwa wanaona kuwa lita 24 haziwezi kuenea katika dumu. Jibu la kompyuta ni 8, 16, 24. Lita nne zimemwagika, na kompyuta haina habari.

Ni vema mwalimu asipite haraka hapa, maana kosa hili lina mantiki yake. Mtu anayejaza dumu hulitazama muda wote. Jicho lake halibanduki kwenye mdomo wa dumu, na mara maji yanapofika juu mkono wake huinua ndoo hata kabla hajafikiri. Anapoambiwa “mimina mpaka lijae”, huelewa kwamba kutazama na kumimina ni tendo moja. Kompyuta haitazami hivyo. Huuliza swali lake mahali pamoja tu, kwenye mstari wenye neno while, kama bawabu aliyesimama mlangoni. Maji ni chini ya lita 20? Ndiyo, basi ingia. Ukishaingia, bawabu hakufuati ndani. Utafanya kila kilichoamriwa mpaka mwisho, hata kama sharti limekwisha kuvunjika katikati ya kazi, na utakutana na bawabu tena pale tu utakaporudi mlangoni. Katika mfano huu bawabu aliuliza maji yalipokuwa 0, yalipokuwa 8, na yalipokuwa 16. Mara zote tatu jibu lilikuwa ndiyo. Alipouliza mara ya nne maji yalikuwa 24, naye akafunga mlango.

Kosa hilo si la wanafunzi wa Afrika Mashariki peke yao. Jeffrey Bonar na Elliot Soloway, watafiti wa Marekani waliochunguza wanafunzi wa lugha ya Pascal, walieleza katika makala yao ya mwaka 1985 kwamba makosa mengi ya wanaoanza kuandika programu hutokana na maarifa waliyokuja nayo kutoka katika lugha ya kila siku. Mwanafunzi hufikiri kwamba neno while la kompyuta ni lile lile la Kiingereza cha nyumbani, linalodokeza kwamba kuna mtu anayeangalia muda wote. Basi, ikiwa anayekizungumza Kiingereza tangu utotoni hudanganywa na neno la lugha yake mwenyewe, haifai kudhani kwamba mwanafunzi wa Tanga au Kisumu atasalimika kwa sababu tu neno hilo kwake ni geni.

Tena Kiswahili kina mtego wake, na mtego huo ni mwembamba zaidi. Umo katika silabi moja, -ki-. Wanasarufi wameonyesha siku nyingi kwamba silabi hiyo hufanya kazi mbili. Katika sentensi “Mvua ikinyesha, anua nguo”, inaonyesha sharti. Katika sentensi “Alimkuta mama yake akipika”, inaonyesha tendo linaloendelea wakati tendo jingine likitokea. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimeyaweka katika silabi moja yale ambayo Python imeyagawa kati ya maneno mawili, if na while. Mzungumzaji wa Kiswahili hapati taabu yoyote kwa sababu hiyo, kwa kuwa muktadha humwelekeza. Lakini mwanafunzi anapoisoma programu kimoyomoyo kwa lugha yake, na karibu wote husoma hivyo, muktadha huo haupo.

Isitoshe, hata -ki- ya sharti haimaanishi kile ambacho kompyuta inamaanisha. Mama anapoondoka nyumbani na kumwambia mwanawe, “Mgeni akija, mwambie anisubiri”, agizo hilo linadumu mchana kutwa. Mgeni aje saa tatu, aje saa tisa, mtoto atakuwa tayari. Sasa tazama mistari hii:

umri = 15
if umri >= 18:
    print("Aweza kupiga kura")
umri = 20

Wako wanafunzi wanaoamini kwamba maneno “Aweza kupiga kura” yatatokea kwenye skrini, kwa kuwa hatimaye umri umefika 20. Kwao, sharti ni askari wa zamu anayekesha akingojea jambo litokee. Ukweli ni kwamba sharti la if huulizwa mara moja, pale pale kompyuta inapoufikia mstari huo, na likijibiwa hapana kompyuta hupita zake na hairudi. Umri ulipobadilika, swali lilikuwa limekwisha kuulizwa na kusahauliwa.

Dawa ya mkanganyiko huu si ghali. Kwanza, kila kauli ya sharti isomwe darasani kwa sauti kama swali la ndiyo au hapana: “Je, sasa hivi, umri ni 18 au zaidi?” Maneno mawili hayo, “sasa hivi”, yana thamani kuliko kurasa tatu za ufafanuzi. Pili, walimu wachague maneno ya Kiswahili yasiyogongana. Kwa while yafaa kutumia “maadamu”, neno la zamani na lililo wazi, ambalo halina maana ya “wakati” tu. Kwa for yafaa “kwa kila”. Kwa else yatosha “la sivyo”. Kwa if wengi husema “ikiwa”, na hakuna ubaya, ingawa mwenye masikio makini atagundua kwamba neno hilo nalo limeibeba ile ile -ki-; ndiyo maana haliwezi kuachwa peke yake bila “sasa hivi”.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Kiswahili kiingizwe katika somo ambalo, katika sekondari za Tanzania, hufundishwa kwa Kiingereza. Hoja ya lugha ya kufundishia ni kongwe. Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa taarifa yake mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike katika sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Hapa hapatafutwi kulifufua shauri hilo. Maneno ya Python yatabaki yalivyo, na mtihani utaandikwa kwa lugha iliyoamriwa. Lakini kueleza ni jambo jingine. Mwanafunzi ambaye hawezi kumweleza jirani yake wa dawati, kwa lugha wanayoitumia wakati wa mapumziko, kwa nini kompyuta iliandika 24 wala si 20, huyo hajaelewa, hata kama ameikariri tafsiri ya kitabu neno kwa neno. Na mwalimu anayemkataza kueleza kwa lugha hiyo amejinyima kipimo pekee cha kujua kama somo limeingia.

Baada ya sharti moja huja masharti mengi yaliyopangwa, na hapo makosa huanza kuwa na gharama. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, alama 75 na zaidi ni daraja A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Mwanafunzi ameandika programu hii ya kutoa madaraja:

alama = 80
daraja = "F"
if alama >= 30:
    daraja = "D"
elif alama >= 45:
    daraja = "C"
elif alama >= 65:
    daraja = "B"
elif alama >= 75:
    daraja = "A"
print(daraja)

Kila mstari, ukiusoma peke yake, ni wa kweli. Mwenye alama 80 amezidi 30, amezidi 45, amezidi 65, na amezidi 75. Hata hivyo kompyuta itampa D, kwa sababu neno elif maana yake ni “la sivyo, ikiwa”: swali la pili huulizwa pale tu la kwanza lilipojibiwa hapana. Swali la kwanza limejibiwa ndiyo, na mengine yote yakarukwa. Katika darasa lote la programu hii hatatokea mtu wa A, wala wa B, wala wa C.

Sasa mwalimu na abadilishe kila elif kuwa if, bila kugusa kitu kingine. Programu itatoa A. Wanafunzi watashangilia na kusema kosa limerekebishwa. Ndipo awaambie waipange upya kuanzia 75 kushuka hadi 30, wakiacha if zile zile. Mwenye 80 atapewa A, mara moja B ikaifuta, C ikaifuta B, na D ikaifuta C. Anarudi kuwa mtu wa D. Dakika ishirini za zoezi hili humfundisha mwanafunzi jambo ambalo hakuna fasili iwezayo kumfundisha: kwamba programu yaweza kutoa jibu sahihi kwa bahati ya mpangilio tu, na kwamba jibu sahihi la jaribio moja halithibitishi kwamba programu ni sahihi. Yeyote anayefikiri kwamba hayo ni mambo madogo na ajiweke mahali pa mtahiniwa mwenye alama 80 anayesubiri matokeo.

Kuhusu nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari, maneno machache yatatosha. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianza Python mwishoni mwa mwaka 1989 katika taasisi ya hisabati na kompyuta ya Amsterdam na kuitoa hadharani mwaka 1991, alirithi desturi hiyo kutoka katika lugha iitwayo ABC, ambayo ilitungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Katika lugha nyingine nyingi nafasi ni pambo la macho. Katika Python ni sarufi. Linganisha:

jumla = 0
for n in range(1, 5):
    jumla = jumla + n
print(jumla)

Programu hii huandika 10. Ukiusogeza mstari wa mwisho ndani kwa nafasi nne, utaandika 1, 3, 6, 10. Hakuna neno lililobadilika. Na anayetegemea kupata 15 akumbuke kwamba range(1, 5) huishia 4. Tarakimu ya mwisho ni mpaka usiovukwa, si kituo cha kufikia. Hili wanafunzi hulizoea baada ya wiki moja au mbili, na halihitaji hotuba.

Linalohitaji hotuba ni desturi ya kunakili. Katika shule nyingi saa ya kompyuta hutumiwa hivi: programu huandikwa ubaoni, wanafunzi huinakili kwenye kompyuta, wanne au watano kwa kompyuta moja, na wakipata kile kilichoandikwa kitabuni somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Yule aliyeshika kibodi amejifunza kupiga chapa. Wenzake wamejifunza kusubiri. Uchache wa kompyuta ndio sababu inayotolewa, na ni kweli kompyuta ni chache. Lakini sharti na mzunguko havihitaji kompyuta katika majuma ya mwanzo. Vinahitaji ubao.

Mwalimu na achukue wanafunzi watatu. Wa kwanza ni msomaji: husoma mstari mmoja tu wa programu kwa wakati mmoja, na huuonyesha kwa kidole mstari unaofuata. Wa pili ni bawabu: yeye hujibu maswali ya masharti, ndiyo au hapana, na hana ruhusa ya kusema lolote jingine. Wa tatu ni karani: hutunza masanduku yaliyochorwa ubaoni, kila moja na jina lake, maji, umri, jumla, na katika kila sanduku huruhusiwa kuwamo namba moja tu. Inapoingia mpya, ya zamani hufutwa kwa kifutio mbele ya macho ya wote. Darasa zima huandika madaftarini jedwali la kila raundi: thamani kabla, jibu la bawabu, thamani baada.

Ni karani huyu atakayeondoa tatizo jingine kubwa, la alama ya sawasawa. Mwanafunzi aliyefundishwa hisabati vizuri huona mstari maji = maji + 8 kuwa ni upuuzi, na ana haki, kwani katika hisabati hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiongeza nane. Akimwona karani akisoma sanduku, akijumlisha, akifuta na kuandika upya, ataelewa kwamba alama hiyo katika Python ni amri ya kuweka, si madai ya usawa. Ajabu ni kwamba mara nyingi wanafunzi hodari wa hisabati ndio wanaosumbuliwa zaidi na jambo hili, na mwalimu asiyelijua huwadhania wamekuwa wajinga ghafla.

Wanaocheka wazo la kufundisha kompyuta kwa chaki wafikiri kidogo. Ada Lovelace, Mwingereza, alieleza mwaka 1843 jinsi mashine iliyobuniwa na Charles Babbage ingeweza kukokotoa mfululizo wa namba za Bernoulli kwa kurudia hatua zile zile; mashine hiyo haikuwahi kukamilika. Mzunguko ulifikiriwa kwa kalamu kabla ya kuwapo kompyuta ya kuuendesha. Na nchini Tanzania, ambako mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta, kizuizi kilichodumu miaka mingi, hakuna upungufu wa walimu wakongwe wanaofahamu kufundisha jambo kwa ukamilifu pasipo kifaa chake.

Liko pingamizi jipya, nalo lazima lijibiwe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu zinazoandika programu nyingine kwa kuombwa tu kwa maneno ya kawaida. Mwanafunzi mwenye simu ya mkononi aweza kupata mizunguko yote aitakayo kwa sekunde chache. Basi kuna haja gani ya kutaabika na bawabu na karani? Jibu limo katika tukio la tarehe 31 Desemba 2008. Siku hiyo vyombo vya mkononi vya kuchezea muziki vilivyoitwa Zune, aina ya gigabaiti 30 iliyotengenezwa na kampuni ya Microsoft, vilikwama mahali pengi duniani kwa wakati mmoja. Vilipowashwa, viliganda. Wenyewe waliambiwa waache betri iishe na wangojee mpaka tarehe 1 Januari ipite adhuhuri kwa saa za Greenwich. Chanzo kilipatikana katika kipande kifupi cha programu ya saa, kilichokuwa na kazi ya kugeuza idadi ya siku kuwa mwaka. Kikiandikwa kwa Python na kwa majina ya Kiswahili, kinafanana na hiki:

while siku > 365:
    if mwaka_mrefu(mwaka):
        if siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
    else:
        siku = siku - 365
        mwaka = mwaka + 1

Kisome polepole. Maadamu siku zimezidi 365, toa mwaka mmoja: siku 366 kama ni mwaka mrefu, la sivyo 365. Hakuna neno lililokosewa na hakuna nafasi iliyokosewa. Mkaguzi mwenye haraka angekipitisha, na ni dhahiri kwamba kilipitishwa. Sasa mpe karani namba za siku ile: siku 366, mwaka 2008. Bawabu wa mlangoni anauliza kama 366 ni zaidi ya 365. Ndiyo. Je, 2008 ni mwaka mrefu? Ndiyo. Je, 366 ni zaidi ya 366? Hapana. Basi hakuna la kufanya, rudi mlangoni. Siku ni zile zile 366, mwaka ni ule ule 2008, na bawabu anauliza swali lile lile. Chombo hicho kilianza kuuzwa Novemba 2006, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na siku ya mwisho ya mwaka mrefu. Siku nyingine zote kilifanya kazi bila dosari.

Wanafunzi wengi wakionyeshwa kosa hili hupendekeza upesi kwamba alama > katika mstari wa tatu ibadilishwe iwe >=. Na wajaribu ubaoni. Karani atatoa 366 kutoka 366, abaki na siku 0 za mwaka 2009. Mzunguko utakoma kweli, lakini tarehe 31 Desemba 2008 itakuwa imegeuka kuwa siku ya sifuri ya mwaka unaofuata. Kosa linaloonekana limebadilishwa na kosa lisiloonekana, ambalo ni baya zaidi. Linalotakiwa ni kuupa mzunguko njia ya kutoka pale siku zinapokuwa 366 kamili katika mwaka mrefu, kwa neno break.

Mashine inayoandika programu kwa kuombwa huandika mistari inayopendeza kama hiyo. Atakayeipokea mistari hiyo katika benki, katika hospitali, au katika ofisi ya kugawa maji ya umwagiliaji, hapana budi aweze kuisoma kama karani na bawabu, na aweze kuchagua namba za kuijaribia: si zile za katikati, bali zile za mpakani, 365, 366, 367. Kadiri kuandika kunavyokuwa rahisi, ndivyo kusoma kunavyokuwa kazi yenyewe. Kwa hiyo watungaji wa mitihani wana wajibu wao. Swali la “Taja aina za mizunguko” lapimwa kwa kumbukumbu na lasahihishwa upesi. Ndiyo sababu linapendwa. Swali la “Andika jedwali la thamani kwa kila raundi, kisha eleza kwa nini mzunguko utakoma” humchukua msahihishaji muda mrefu zaidi, lakini halikaririki. Walimu hufundisha kile kinachotahiniwa, na hilo halitabadilika kwa kuwalaumu. Litabadilika karatasi ya maswali itakapobadilika.

Sehemu ya pili ya swali hilo, kwa nini mzunguko utakoma, ndiyo yenye uzito zaidi, na wanafunzi hawajazoea kuulizwa. Kwa kila mzunguko wa while pawe na kitu kinachopungua kila raundi na ambacho hakiwezi kupungua milele. Katika Zune siku hazikupungua. Katika dumu la maji, nafasi iliyobaki ndiyo iliyopungua. Darasa ambalo limeshayafanya mazoezi yaliyotangulia laweza kupewa hili la mwisho, ambalo asili yake ni kitabu cha saba cha Elements cha Euclid, cha takriban mwaka 300 kabla ya Kristo. Hutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili. Alama ya asilimia humaanisha baki la kugawanya.

a = 84
b = 60
while b != 0:
    baki = a % b
    a = b
    b = baki
print(a)

Karani atapita raundi tatu, na mwisho ataandika 12. Wanafunzi wageuze, a iwe 60 na b iwe 84, waone raundi zinakuwa ngapi na ile ya nyongeza inafanya kazi gani. Kisha waeleze, kwa lugha yoyote wanayoimudu, ni kitu gani hapa kinachopungua kila raundi, na kwa nini hakiwezi kushuka chini ya sifuri.